Mabano ya Mkwe

Ukifika dukani kwangu ukamkuta mwanamke amevaa hedifoni kubwa, ameikodolea macho kompyuta, na midomo inamchezacheza kama anayetafuna, usimsalimie. Hatakusikia. Na akikusikia atakuandika. Huyo ni Bi Mabano, na hilo jina si la kwenye cheti, nilimpa mimi na limemkaa.

Mimi ndiye mwenye duka. Stesheneri: kuchapa, fotokopi, leminesheni, picha za pasipoti, na kuvumilia watu wanaosema "dakika moja tu, mama," halafu wanachomoa flashi yenye virusi vya kuua kijiji kizima. Bi Mabano alikuja kwangu kama mchapaji wa kawaida, barua za kuomba kazi na kadi za mialiko, mpaka siku watafiti wa chuo walipomgundua.

Watafiti ni watu wa ajabu sana. Wanaingia nyumba za watu na kinasa sauti, wanauliza maswali ambayo mimi nikimuuliza jirani yangu naitwa mmbeya, lakini wao wanaitwa wasomi. "Unajisikiaje mumeo akichelewa kurudi?" Basi mtu anafunguka saa nzima, anasahau hata jikoni kuna kitu kinaungua. Hiyo saa nzima lazima baadaye mtu aketi aisikilize na kuiandika neno kwa neno, ndipo msomi aisome, apige mistari kwa kalamu ya rangi, na aseme ameona jambo. Wa kuandika ndiye shoga yangu.

Neno kwa neno ni neno kwa neno kweli. Mtu akisema "yaani, yaani, unajua, yaani," zote unaziandika, hakuna kumsitiri. Na yasiyo maneno yanaingia kwenye mabano: [anacheka], [anakohoa], [kimya]. Hapo ndipo alipowazidi wenzake wote. Wengine wakisikia zogo huandika [kelele], basi. Yeye ataandika [jirani anafagia uani, kisha anaacha kufagia ili asikilize]. Hata "mh" kwake haikuwa moja. Kulikuwa na [mh ya kukubali], [mh ya dharau], na [mh ya aliyemeza neno]. Wasomi walimpenda kufa. Walimpa sharti moja tu: andika unachosikia, usiandike unachojua.

Ugonjwa huo aliubeba mpaka nyumbani. Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole asiyependa makuu, aliwahi kunilalamikia hapa kaunta. "Shemeji, juzi ameniuliza nilikuwa wapi. Nikafikiri kidogo kabla ya kujibu. Akasema, 'Mabano, kimya kirefu.' Sasa mimi nitaishi vipi?"

Nyumbani kwao alikuwako pia mama wa huyo fundi. Tumwite Bibi, kama watoto wa pale wanavyomwita. Bibi hakujaliwa maneno matamu. Mke wa mwanawe alimwita "Wee!" asubuhi mpaka usiku. Wee, chai imechemka. Wee, mvua hiyo, nguo! Daktari alimkataza sukari, kwa hiyo Bi Mabano aliifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga, na kila siku kulikuwa na msuguano wa chinichini kati ya Bibi na lile kabati. Binti wa Bibi aliolewa mbali. Hupiga simu kila Jumapili, na Bibi huchana nywele kabla ya kupokea, utafikiri binti anamwona.

Basi akaja Msomi. Binti mrembo wa miwani, viatu vimejaa vumbi la kuzunguka, anaandika kitabu chake cha kumaliza chuo kuhusu wanawake wanaoishi na wakwe zao nyumba moja. Aliwapata wahojiwa kupitia kikundi cha kina mama, akawafuata majumbani asubuhi asubuhi, kisha akaleta rekodi kwetu. Kila rekodi haina jina, ina namba tu. Bi Mabano alitia saini kiapo kwamba atakachosikia hatamwambia mtu, awe mume, awe mimi. Na alikishika. Nilikuwa nakaa naye meza moja, nakufa kwa hamu ya kujua, na yeye ananichapia tu mbele ya macho yangu huku kioo cha kompyuta amekigeuzia ukutani.

Maneno ya rekodi ninayosimulia sikuyapata kwake. Bibi mwenyewe ndiye aliyeyatangaza baadaye, na ameniruhusu. Siri ilikuwa yake. Ya moyoni mwake Bi Mabano alinieleza mambo yalipokwisha.

Siku hiyo Bi Mabano alianza rekodi mpya kama kawaida. Akasikia kiti kinaburutwa. Akaandika. Akasikia ngurumo nzito, inapanda, inakohoa mara moja, inanyamaza. Akaandika [friji linanguruma]. Vidole vikagota. Friji la namna hiyo duniani liko moja tu, nalo liko kwake, kwa sababu mumewe anatengeneza mafriji ya mji mzima isipokuwa la mkewe. Kabla hajajua afanye nini, ile sauti anayoijua kuliko yake ikasema, "Uliza tu, binti. Mimi sina la kuficha."

Hapo ndipo alipotakiwa kuvua hedifoni na kusema, huyu namfahamu, mpeni mwingine. Kile kiapo kilisema hivyo pia. Lakini jamani, tuwe wakweli. Ni nani atakayesikia mama wa mumewe anaulizwa, "Mkwe wako mnaishi naye vipi?" halafu avue hedifoni?

"Mkwe wangu?" Bibi akasema. "Mh."

Bi Mabano alirudisha nyuma. Akaisikiliza tena hiyo mh. Haikuwa ya kukubali.

"Mkwe wangu yeye ni mtu wa kufunua masufuria. Mimi napika, nikigeuka tu kufuata maji, huyo! Anafunua, ananusa, anaonja, anakunja uso. Halafu anasema mbele za wageni, huyu hajui kupika. Sukari anafungia kabatini, ufunguo anatembea nao kiunoni. Mimi mtu mzima, naomba sukari kama mtoto! Mkaa anahesabu kipande kimoja kimoja. Nikikaa, mvivu. Nikilala, nimekufa? Siku nyingine najifungia chooni nalia, natoka nimenawa uso."

Bi Mabano aliandika yote. Kufunua masufuria, kweli hufunua. Ufunguo, kweli, upo kiunoni sasa hivi. Mkaa tu ndio ulimshangaza, maana wanapikia gesi, lakini akasema moyoni, anatia chumvi, mwongo mkubwa. Na pale kwenye "mkwe wangu" ya mwanzo kabisa, kwa uchungu, akafungua mabano akaandika [mke wa mwanawe]. Hakuna aliyetamka hivyo kwenye rekodi. Aliandika alichojua.

Kilichommaliza kabisa kilikuja mbele kidogo. Msomi aliuliza nani humsaidia anapougua. Sauti ya Bibi ikashuka.

"Mwanangu. Kama si mwanangu, binti, ungenikuta kaburini. Nilipolazwa alilala chini, kwenye saruji, pembeni ya kitanda changu. Alinifulia nguo. Alinikata kucha za miguu, na mimi miguu yangu unaiona ilivyo. Hajawahi kunitajia hata siku moja."

Kisha Bibi akavuta pumzi kwa nguvu, mara mbili, na sauti ikakatika.

Bi Mabano alitazama ukuta. Aliyelala kwenye saruji ni yeye. Kucha zile alizikata yeye, kwa mkasi wa kushonea, maana kikata kucha kilishindwa. Wifi yake, huyo binti wa mbali, alikuja hospitali alasiri moja tu na mfuko wa machungwa, akapiga picha na mgonjwa, akaondoka. Na sasa sifa zote amepewa huyo! Mimi nilimwona akivuta kamasi, nikamuuliza, vipi, akasema vumbi. Na pale ambapo ilitakiwa aandike [analia], shoga yangu mwaminifu, bingwa wa mabano, aliandika [mafua].

Kuanzia jioni ile nyumba ikageuka. Alifika, akafungua pindo la kanga, akauweka ule ufunguo wa sukari mezani mbele ya Bibi. Taratibu, bila neno. Jikoni hakuingia Bibi akiwamo. Sufuria hakuligusa. Akiitwa "Wee!" anaitika "Naam, Mama," kwa adabu ya kutisha, adabu ya benki. Bibi alimtazama, akautazama ufunguo, na asiuguse. Chai akanywa chungu.

Fundi akauliza, "Kuna nini humu ndani?"

"Nataka tuhame."

"Mama amekufanya nini?"

"Siwezi kusema."

"Nani kakukataza?"

"Kazi."

"Kazi imekukataza kuniambia mama yangu amekufanya nini?" Alikuja kwangu siku iliyofuata kuniuliza kama kuna dawa ninawapulizia humu dukani. Nikamfukuza, nilikuwa na foleni. Lakini nilimwonea huruma. Mama yake ndiye huyo mmoja, mke ndiye huyo mmoja, na yeye kazi yake ni kupoza vitu vya watu. Alimwomba Bibi aeleze kama kuna aliyoyasema kwa watu, Bibi naye akafunga mdomo, maana Msomi alimwambia mahojiano ni siri, na yeye siri anaijua moja tu, ile ya kutosema. Basi humo ndani wanawake wawili wanashika siri ileile, kila mmoja kwa upande wake, na mwanamume katikati hajui hata kama ipo.

Mwisho alisalimu amri. Akatafuta vyumba viwili upande wa pili wa mji, akakubaliana na mwenye nyumba. Bibi angebaki peke yake na friji. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Bi Mabano alikuwa anachapa huku amekonda uso, na mimi nikimuuliza ananijibu, "Niko sawa, dada," [mh ya aliyemeza neno].

Ndipo Msomi akarudi dukani, karatasi mkononi, kalamu ya rangi sikioni. Alivuta kiti.

"Dada, kazi nzuri kama kawaida. Ila hapa. 'Mkwe wangu,' halafu mabano, 'mke wa mwanawe.' Hii umeisikia wapi? Mwalimu wangu ameniuliza, nimerudia rekodi yote, sijaisikia."

Bi Mabano akasema, "Si ndiyo maana yake?"

"Mkwe? Mkwe ni pande zote mbili, dada. Mke wa mwanangu ni mkwe wangu, na mama wa mume wangu ni mkwe wangu. Nilikosea, nilipaswa kumuuliza yupi. Na kuna jambo la mkaa. Mimi nimekaa jikoni kwake, pana jiko la gesi na friji moja linalonguruma kama lori. Mkaa wa kuhesabu unatoka wapi?"

Nilikuwa natoa fotokopi ya cheti cha mtu. Niliiacha mashine ikaendelea peke yake, kumbe inatoa nakala zisizo na idadi, mwenye cheti akabaki anapiga kelele. Sikujali. Shoga yangu alikuwa amebadilika rangi.

"Anapikia gesi," akasema polepole. "Mkaa walipikia zamani. Enzi za..."

"Wewe unajuaje anapikia gesi?"

Kimya kirefu. Bila mabano.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema.

"Yupi?" Msomi akauliza, maana alikuwa ameshajifunza.

"Mama wa mume wangu! Yule uliyemhoji! Nimemsikia yote!"

Msomi alivua miwani, akashika kichwa. Nilimwonea huruma, masikini. Alieleza kwamba alichomwahidi yule mama kimevunjika, kwamba hawezi kulikalia, lazima aende akamwambie uso kwa uso, na mama akikasirika akataka maneno yake yafutwe, yafutwe. Rekodi aliichukua palepale. "Na wewe twende," akamwambia Bi Mabano. "Kumwomba radhi." Mimi nilifunga duka. Nani angebaki?

Bibi alikuwa jikoni. Alipoona Msomi na mke wa mwanawe wanaingia mlango mmoja, aliinuka ghafla, kijiko mkononi.

"Binti, mimi sijamwambia mtu!" akasema. "Huyu kama anajua, hajajua kwangu!"

Ikabidi akalishwe. Msomi akaeleza yote, akiomba radhi kila sentensi ya pili, kisha akaomba ruhusa ya kurekodi jibu la Bibi, kama maneno yake yabaki au yafutwe. Bibi akasema rekodi, mradi kijiti hicho cha kunasia sauti kisimguse. Halafu akamgeukia Bi Mabano.

"Wee. Umeandika wewe yale?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote? Na ya mkwe?"

"Nimeandika, Mama. Kama nimekukosea kwenye sukari, kwenye masufuria, nisamehe. Ungeniambia tu. Si lazima kumwambia mgeni."

Bibi alimtazama kama mtu anayeambiwa mvua imenyesha kutoka chini.

"Wewe umenikosea nini? Mimi nimemsema mkwe!"

"Si ndiye mimi?"

"Wewe?" Bibi alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Mkwe wangu mimi ni mmoja tu, na tulimzika zamani, huyu fundi hata kutambaa hajaanza. Mama wa marehemu mume wangu! Mwanamke alihesabu mkaa yule, akafunga sukari ale peke yake mpaka meno yakamwisha. Binti kaniuliza habari za mkwe, nikampa habari za mkwe. Nikiacha kumsema yeye nimseme nani?"

Msomi aliuliza kwa sauti ndogo, "Na huyu basi, mama, wewe unamwitaje?"

"Huyu?" Bibi akashangaa swali. "Huyu si nilikuambia? Huyu mwanangu. Aliyenikata kucha."

Bi Mabano alikaa chini. Si kwenye kiti, chini, sakafuni.

"Lakini juzi juzi nimeogopa," Bibi akaendelea, safari hii akimwambia Bi Mabano mwenyewe, "nikasema mwanangu amenichoka. Ananiwekea ufunguo wa sukari mezani. Nikajua basi, ananiachia nile nife." Na mdomo ukaanza kumtetemeka, mwanamke yule wa "Wee!", nikageukia dirishani kwa sababu na mimi ni binadamu.

Ni wakati huohuo fundi alipoingia, jasho linamtoka, amekumbatia maboksi makubwa yaliyokunjwa. Alituona tumejaa, hakuelewa, akasema kwa furaha ya mtu aliyetimiza alichotumwa, "Maboksi nimepata!"

"Maboksi ya nini?" Bibi akauliza. Akatutazama mmoja mmoja. "Nani anahama?"

Fundi alimtazama mkewe. Mimi nilimtazama mkewe. Nguo za watoto tayari zilikuwa zimefungwa kwenye mabegi, ziko chini ya kitanda chumba cha pili, na Bibi angeziona siku hiyohiyo kama angeinama.

"Friji," akasema Bi Mabano kutoka sakafuni. "Linakwenda karakana, Mama. Leo. Mwanao analitengeneza."

"Leo?" fundi akasema.

"Leo!"

"Afadhali," akasema Bibi, akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Linaninyima usingizi." Akauchukua ule ufunguo uliokuwa bado mezani, akamtupia mapajani. "Na huu ufunge kangani, wee. Jana nimekaribia kulifungua kabati."

Bibi aliruhusu maneno yake yabaki, akaongeza mengine ya mkaa ambayo Msomi hakuyaomba. Rekodi ya siku ile Bi Mabano alikatazwa kuigusa, kwa haki kabisa, kwa hiyo nilipewa mimi niiandike, mimi ninayechapa kwa vidole viwili. Nilivaa hedifoni. Nilimsikia fundi anaburuta friji, nikaandika. Kisha nikarudi nyuma, pale Bibi aliposema "amenichoka." Kuna mtu analia pale, anavuta pumzi kwa nguvu. Nikatafuta ni nani, nikarudisha, nikarudisha tena. Nikamwita Bi Mabano aje anisaidie kutambua sauti, akakataa, akasema sharti ni sharti, ameshajifunza. Basi nikaandika nilichosikia, [wanalia], na mimi mwenyewe sauti yangu nikiisikia humo.